Mirathi ya Pampu

Mkokoteni ulikwisha kutoka uani na gurudumu la pampu ya marehemu Mzee Shekue, mvumbuzi aliyeupatia mji mzima maji ya kisima kirefu. Bintiye Mwanasha akaukimbilia.

“Kaka, rudisha! Pampu yenyewe ni hii moja tu!”

“Mirathi ni mirathi,” alijibu Nyange. “Kila mtoto kapata kipande chake. Wewe si una mpini? Kasongee ugali.”

“Baba hakuichora popote. Nani ataiunda tena?”

“Sisi si damu yake? Tutaunda.”

Hawakuunda. Nyange aliliuza gurudumu, akafia ugenini. Wadogo zake walihamia mtoni, siku tatu kwa miguu, na mji ukawafuata. Mwanasha alikataa kuondoka. Alizikwa na wapita njia. Kisimani maji yamo bado. Ukitupa jiwe utayasikia.