Dawa ya Kupimia Maji

Samaki wa kumi na moja alipokufa, Nyamizi alichota maji ya tangi la kioo la samaki kwa chupa, akachukua na dawa ya kupimia aliyoiacha marehemu mwanawe Maganga, akaenda dukani kwa Kitwana, muuza samaki wa mapambo.

"Kila Jumapili napima ugumu wa maji, yaani wingi wa madini yake," alimwambia. "Nikitia matone sita tu, rangi inageuka kijani. Matone machache maana yake maji ni laini mno, basi naongeza chumvi ya madini, kama Maganga alivyonifundisha. Lakini mimea inaoza na samaki wanakwisha."

Kitwana alipima kwa dawa mpya, Nyamizi akihesabu kwa sauti. Tone la sita lilipodondoka, maji yalikuwa mekundu bado. Yaligeuka kijani kwenye tone la kumi na tisa.

Kitwana aliigeuzageuza ile chupa ya dawa ya zamani. Kifuniko chake kilikuwa na ufa.

"Dawa imekauka ikakolea, mama; tone moja lina nguvu ya matatu. Imekuwa ikikudanganya. Maji yako ni magumu kupita kiasi."

"Kwa hiyo ile chumvi niliyokuwa naongeza..."

"Hukujua, mama," alisema Kitwana, akainamisha macho. "Punguza maji ya tangi, utie ya mvua kidogo kidogo; hayo hayana madini."

Nyumbani alikuwa amebaki samaki mmoja, akihema juu juu. Nyamizi alimimina maji ya mvua kikombe baada ya kikombe.

"Nisamehe, baba," alimwambia marehemu mwanawe.

Samaki alisogea hadi kwenye kioo, mbele ya uso wa Nyamizi, kisha akalala ubavu, mapezi yakipunga polepole.