Bunduki ya Dobi

Dobi alifumba jicho moja, akachungulia ndani ya mtutu kuelekea dirishani. Mwanga ulipita mweupe, bila kizuizi.

"Mara ya tatu leo," alisema mkewe, akikunja mashuka ya wateja. "Hiyo bunduki ingekuwa na mdomo ingekuomba uiache ipumzike."

"Kesho inakaguliwa, mama watoto. Polisi wamesema itakayokutwa na kasoro inachukuliwa, inayeyushwa. Na kasoro ya bunduki iliyolala kabatini ni kutu, hakuna nyingine."

"Haya, mwindaji hodari. Tangu uipate umepiga nini?"

"Chafya."

Hakuwa anatania sana. Miaka kumi na minne tangu arithi bunduki ile ya kuwindia, hakuwahi kuifyatua hata mara moja. Puto likipasuka mtaani, yeye ndiye wa kwanza kuinama. Inasemekana bunduki humlinda mwenye nyumba. Kwake ilikuwa kinyume, na alikuwa mwepesi wa kulisema hilo mwenyewe kabla wengine hawajamcheka. "Yenyewe imestaafu," alikuwa akisema. "Mimi ndiye niko zamu."

Lakini aliipenda. Baba yake alikuwa na wana wanne, watatu kati yao wenye vifua vya kubebea magunia. Siku ya kugawa vitu vyake, mzee aliwaruka hao wote, akamkabidhi yeye, kitinda mimba mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji ya sabuni. "Kaka zako wataifanya nyundo," mzee alisema. "Wewe ndiye unayejua kutunza kitu." Hakuwahi kumsifu mbele ya kaka zake kabla ya hapo, na hakupata siku ya kurudia. Dobi hakutaka sifa ile iyeyushwe.

Kwa hiyo aliitunza. Kila Jumapili aliitoa kabatini, akahakikisha haina risasi, akaifungua vipande vitatu juu ya meza ya kupigia pasi. Alipitisha brashi mtutuni, kisha vitambaa vya pamba, kimoja baada ya kingine, mpaka kitoke cheupe. Mafuta alipaka kidogo tu, maana mengi huganda. Hakuirudisha kwenye ala yake ya ngozi, kwa kuwa ngozi hunyonya unyevu na kuuficha. Aliisimamisha mdomo chini, ili mafuta yasichuruzike kwenye kitako cha mbao. Vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu alikuwa akiviomba dukani, hadi muuza viatu akimwona kwa mbali anamrushia bila hata salamu.

Na madoa! Dobi haishi nyumba moja na doa. Ya kutu yalitoka upesi. Ubavuni, karibu na kitako, kulikuwa na madoa meusi yaliyogoma miaka miwili mizima. Aliyasugua kwa waya wa kusugulia masufuria, kisha kwa msasa laini, wiki baada ya wiki, mpaka siku moja yakasalimu amri. Alimwita mkewe kwa kelele aje aone. Mkewe alikuja, akaona shati la mwalimu linaungua chini ya pasi.

Asubuhi ya ukaguzi, mbele yake kwenye foleni ya kituo cha polisi alisimama jirani yake, mfuga kuku, na bunduki iliyofungwa kwenye gunia. Ilipofunuliwa, kutu ilidondoka sakafuni.

"Hiyo umeichimbua wapi, jirani?"

"Ilikuwa bandani. Kuku wanailalia."

Dobi alimwonea huruma, na huruma yenyewe ilimpendeza mno. Mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani, alikwangua kutu kwa ukucha, akainama kutazama, akaandika. "Aibu, mzee. Nenda kaisafishe, nitaiangalia tena wiki ijayo." Mfuga kuku akaondoka na bunduki yake begani. Kama ile imepona, Dobi aliwaza, hii yangu itavishwa nishani.

Zamu yake ilipofika, mkaguzi alichungulia mtutuni, akapiga mluzi, akawaita wenzake wawili.

"Njooni mwone. Hivi ndivyo bunduki inavyotunzwa! Baba, wewe ni fundi wa silaha?"

"Hapana, afande. Mimi ni dobi. Nikiona risasi nakimbia."

Walicheka, na Dobi akacheka kuwashinda. Moyo ulimjaa hadi macho yakalowa. Angekuwa hai, mzee wake angesimama hapo mlangoni akiwatazama kaka watatu mmoja mmoja.

Mkaguzi alifungua kitabu cha leseni, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Akaigeuza bunduki ubavu. Akaigeuza ubavu wa pili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Baba, namba yake iko wapi?"

"Imo humo kitabuni, afande."

"Ya kitabuni naiona. Nauliza iliyogongwa kwenye chuma, tarakimu sita, hapa ubavuni." Hakuwa anacheka tena. "Bunduki isiyo na namba haina mwenyewe, inakwenda kuyeyushwa leo leo. Na namba za bunduki huwa zinafutwa na majambazi. Hii nani kaifuta?"

Dobi alipapasa chuma kwa kidole gumba, hapo karibu na kitako. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Ni mimi, afande," alisema. "Nilidhani ni uchafu."