Picha ya Pili

Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha ufa wowote, na Tunu alikuwa keshaanza kuvaa glavu yake. Fainali ilikuwa jioni hiyo hiyo, na golikipa alikuwa yeye.

“Haraka ya nini, dada?” Daktari alimshika mkono, akabonyeza kishimo kilicho chini ya kidole gumba. “Hapa je?”

“Hapaumi.”

“Mbona macho yanavuja? Kuna kifupa hapa, ukikipiga picha kwa mbele kinajificha. Kikiwa kimevunjika nasi tukakiacha, mkono huu hautashika hata kijiko. Tupige nyingine, kwa upande.”

Bi Kibibi, mpiga picha, alimvua glavu akaiweka kitini. Akaulaza mkono mezani, akaupinda taratibu kuelekea kidole cha mwisho.

“Hivyo hivyo, kipa wetu, kama unapangua kona. Ukitikisika tu, picha imeharibika.”

Akaenda nyuma ya ukuta.

Kutikisika tu, na jioni angekuwa golini. Tunu aliusikiliza mkono wake ukipwita. Kitini, glavu ilikuwa bado imetuna, vidole vyote vitano wazi, kana kwamba mkono haujatoka ndani.

“Tayari?” aliuliza Bi Kibibi.

Tunu akabana pumzi.