Mpaka Kwenye Kona

Swafiya alitembea hadi kwenye kona akiwa na begi lenye kompyuta nene, kisha akarudi dukani akitabasamu. "Nyepesi, mama. Tuchukue hii."

Bi Mwanasha aliutazama mkono wa bintiye, ulioshika kiuno kwa siri. Tangu apasuliwe mgongo, Swafiya alikuwa nyumbani, na Jumatatu alitaka kurudi chuoni kwa miguu. Mzigo ukimshinda, atarudi kitandani.

"Nyepesi kwako au kwa punda?" mama aliuliza.

Mwenye duka, Bwana Shaibu, alicheka, kisha naye akauona ule mkono. Akatoa kompyuta nyembamba kama sinia, akaitia begini pamoja na vitabu vya msichana, akamlegezea mikanda. "Haya, mwanangu, jaribu tena. Tembea utakavyo, mimi sina haraka." Wala hakutaka waache kitu cha dhamana.

Bi Mwanasha akasimama mlangoni, ameuma ncha ya khanga. Mwanzoni binti alikwenda kwa woga, kama aliyebeba mayai. Kisha mikono yake yote miwili ikashuka, ikaanza kupunga kwa mwendo.

Alipofika kwenye kona hakugeuka.

"Mama, kompyuta yangu inakwenda," alisema Bwana Shaibu.

"Mwache kidogo, baba," Bi Mwanasha alisema. "Mwache kidogo tu."

Wakatoka wote wawili barabarani kumtazama Swafiya akizidi kwenda, akiamkiana na watu ambao hawakuwa wamemwona kwa miezi mingi.