Hodi ya Tatu

Siku hizi jeshi halivuki mpaka wa watu bila kupiga hodi. Adabu ni adabu, hata kwa wenye mizinga. Likiita mara tatu na asiitikie mwenyeji hata mmoja, sheria inalitaka lirudi lilikotoka.

Nyamvula alikuwa akikata mchicha redio ilipotangaza kwamba jeshi la nchi jirani limeingia asubuhi hiyo, tena kihalali, maana lilikaribishwa. Wakarusha rekodi. Baada ya hodi ya tatu aliitikia mwanamke, kwa bashasha: "Karibuni! Karibuni ndani, msisimame mlangoni!"

Kisu kilimponyoka.

"Mama Mbodze," mumewe alisema polepole, "hiyo si sauti yako?"

"Walinirekodi mwezi uliopita. Walisema ni tangazo la hoteli."

"Kina nani?"

Hakujua. Vijana wawili wenye heshima zao. Hata chai aliwaandalia.

Vishindo vya buti vikaingia uani.

"Hodi!"

Mumewe alimziba mdomo kwa kiganja. Wakatulia, hawapumui. Hodi ya pili. Hodi ya tatu.

Huko nje, kwenye kipaza sauti cha askari, Nyamvula akajisikia akiitikia: "Karibuni! Karibuni ndani, msisimame mlangoni!"