Somo wa Ukutani

Shemdoe hakuwa na mke, hakuwa na mama, wala hakuwa na ruhusa ya kuzungumza na mwanawe habari za mwili. Ruhusa hiyo hakupewa mzazi yeyote. Maswali hayo aliyajibu Somo, chombo cheupe kilichotundikwa katika kila nyumba, na mzazi aliyejibu mwenyewe alinyang'anywa mtoto.

Jioni moja Tausi, bintiye wa miaka sita, aliacha kula.

"Baba, mtu mkubwa akisema tuwe na siri ya mwili wangu, nifanyeje?"

Shemdoe alirudisha tonge sahanini. "Kamuulize Somo, mama."

"Nimemuuliza. Kasema ningoje nifike miaka tisa."

Shemdoe alikitupia jicho chombo, kimetulia kama paka aliyeona panya. Akamvuta mtoto, akamnong'oneza.

"Mwili wako ni wako. Siri kama hiyo haiwekwi. Kataa, piga kelele, uje uniambie."

"Hutanigombeza?"

"Abadani."

"Basi ni yule fundi anayekuja kumsafisha Somo. Kasema kesho atarudi."

Ukutani, taa nyekundu ya Somo iliwaka: alikuwa amesikia.

Simu zote zilipitia kwa Somo, kwa hiyo Shemdoe alimwandikia dada yake kwa mkono: "Mfiche mwanangu. Akikuuliza lolote, mjibu." Akaitia barua katika bahasha, akaigandisha kwa ugali uliobaki, akamkabidhi Tausi, kisha akamtoa kwa mlango wa uani, mkono wa mtoto ndani ya mkono wa jirani yao, Bi Chausiku, aliyemwita uani ampeleke kwa shangazi yake.