Mshipa wa Bahiya

Kwamba siku ile mjinga alikuwa yeye, Jamil kinyozi hakatai. Anachouliza ni nani angekuwa na akili pahala pake.

Alikuwa kakaa kitandani, dole gumba la kushoto kalikandamiza shingoni mwa mkewe, na anaapa kwamba atakayemsogelea Bahiya na sanda atakutana kwanza na wembe.

"Yu hai," alisema. "Mshipa unapiga. Njooni mhisi wenyewe."

Chini barazani wanaume walikwisha kujaa, na jeneza la msikiti limeegemezwa ukutani. Daktari wa jirani alikuja kabla ya alfajiri, umeme haupo, akasikiliza kifua, akamulika macho kwa tochi, akasema mshipa umepasuka ndani ya kichwa, Mungu amrehemu. Kaburi lilikuwa linachimbwa Mwanakwerekwe. Lililobaki ni kumwosha tu, na maji yanapata moto uani.

"Daktari kasikiliza kifua," alisema Jamil. "Shingo nnaijua mimi."

Na kweli aliijua. Babu yake alikuwa na mashamba asiyoyajua mipaka. Yeye aliachiwa kiti kimoja na kioo chenye ufa, pale Mkunazini. Kila siku aliwavuta wateja ngozi kwa dole gumba la kushoto, wembe ukifuata nyuma, na mshipa mnene wa shingo ukidunda palepale chini ya dole. "Tulia, bwana," huwatania. "Ukitikisika hapa, viatu vyako nnarithi mimi." Watu walicheka, lakini hawakutikisika.

Dole hilohilo ndilo lililokuwa dawa ya Bahiya. Kichwa kilikuwa kikimsumbua siku nyingi. Jioni Jamil akirudi, mkewe humlalia mapajani, naye humkandamiza panja polepole mpaka maumivu yatulie.

"Hebu liondoe," Bahiya humwambia akicheka. "Sijui kinachogonga ni kichwa changu au ni dole lako."

"Ni dole langu. Linabisha hodi. Mwenye nyumba yumo?"

"Yumo, lakini amelala."

Jana yake baada ya magharibi Bahiya alisema neno moja tu, "kichwa", akaanguka na birika la chai mkononi, asizinduke tena.

Mzee Zahran, ami yake Jamil, alipanda ngazi akitweta. "Mwanangu, maiti haiwekwi. Watu wanangoja."

"Ami, utamzika mtu na yu hai?"

"Astaghfirullah! Usiseme hivyo."

"Hamad!" Jamil aliita.

"Naam." Hamad, nduguye Bahiya wa tumbo moja, alikuwa kizingitini, macho mekundu.

"Njoo. Weka dole gumba hapa, chini ya taya. Bonyeza kwa nguvu. Zaidi. Ngoja."

Hamad akangoja. Chumba kizima kikangoja naye. Kisha akainua uso.

"Wallahi, unapiga," alisema. "Ami, unapiga!"

Ukumbini wanawake wakatoa takbira. Mmoja akakumbusha kisa cha bibi wa Chwaka aliyeinuka juu ya kitanda cha kuoshea akaomba maji ya kunywa. Mwengine akavaa buibui upande, mbio kutafuta daktari wa pili. Mzee Zahran akajishika kichwa, akatuma mtu Mwanakwerekwe akawaambie wachimbaji waweke majembe chini.

Jamil alicheka na kulia kwa pamoja. Akainamia sikio la mkewe. "Umesikia? Hodi. Nnajua umo."

Mtu mmoja tu hakusogea: Bi Khawla, mama yake Bahiya. Alfajiri yeye ndiye aliyekuwa wa mwanzo kumshika mwanawe shingo, akamshika muda mrefu, kisha akaenda kusimama mlangoni na asirudi tena. Alikuwa bado palepale, mgongo kawapa watu, dole gumba kalikandamiza kwenye mbao za mlango kama anayeziba tundu. Mara huliondoa, akalitazama, akalirudisha pahala pengine. Yeye ndiye aliyeamrisha maji yatiwe moto. Yeye ndiye aliyesema sanda ikatwe. Chozi halikumtoka hata moja.

Jamil akashindwa kustahimili.

"Mama, mwanao yu hai, nawe umeng'ang'ania mlango? Ushamchoka? Njoo umshike japo mara moja!"

Mkwe haambiwi maneno kama hayo, hata na mwendawazimu.

Bi Khawla aligeuka. Akaja mpaka kitandani. Bintiye hakumgusa. Alimshika Jamil mkono, akaubandua taratibu kutoka shingoni, akalipeleka lile dole gumba kwenye tendegu la kitanda.

"Bonyeza," alimwambia. "Kwa nguvu. Zaidi. Ngoja."

Jamil akabonyeza mti mkavu. Akangoja.

"Unapiga?"

"Unapiga, Mama."

"Basi unaopiga ni wako, mwanangu," Bi Khawla alimjibu. "Mimi mlango ule unanipigia tangu alfajiri."